Vidonge vya Mdogo Wangu

Nyumbani kwetu wa kwanza kuamka nilikuwa mimi. Kabla jua halijachomoza vizuri nilikuwa nimeshafika bombani na ndoo mbili, nimesimama kwenye foleni nikipiga miayo. Nikirudi nilichemsha maji ya chai, nikafagia chumba cha mbele na kuokota pini zilizodondoka chini ya cherehani ya mama, maana pini moja ikikuchoma unyayoni siku yako yote imeharibika. Wakati wote huo mdogo wangu alikuwa bado amelala, shuka limemfunika hadi masikioni.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Chumba cha mbele kilikuwa ndicho karakana yake: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ya kukatia, na vitambaa vya wateja vimekunjwa kwenye rafu, kila kimoja na karatasi yake ya vipimo. Baba alikuwa dereva wa lori. Alikaa safarini siku nne, tano, kisha akarudi na kulala mchana kutwa. Kabla ya kuondoka alinipigapiga begani na kusema, "Jembe langu, niangalizie nyumba."

Jembe ndilo jina nililopewa kwa sababu sikuwa mvivu. Zamani nililipenda. Nilipofika darasa la sita nikaanza kulichukia. Jembe hulimiwa, kisha huegemezwa ukutani, na hakuna anayeliuliza kama limechoka.

Mdogo wangu mimi nilimpa jina la Yai. Mama alinikataza kumwita hivyo, lakini jina lilimkaa. Alikuwa na miaka tisa na alishikwa kama yai kweli. Yai haendi bombani. Yai hakaribii jiko. Yai hakimbii, haruki kamba, hapandi juu ya kitu. Yai akilala mapema, nyumba nzima inanyamazishwa. Chai yake ililetwa kitandani, na pamoja na chai hiyo, kwenye kiganja cha mama, kidonge kimoja cheupe. Jioni kingine.

Vidonge hivyo vilikaa kwenye chupa ndani ya droo ya cherehani, chini ya mikasi na chaki. Karatasi ya duka la dawa ilikuwa imebanduliwa. Mahali pake mama alibandika kipande kingine, akaandika kwa mkono wake: VITAMINI.

"Mama, mbona mimi sipewi?" niliuliza siku moja.

"Wewe una nguvu zako. Mwenzako ni dhaifu, hivi ndivyo vinavyomtia nguvu."

"Na mimi kazi zikinizidi je?"

"Zikuzidi kazi gani, Jembe? Hebu nipe kile kitambaa cha bluu."

Mazungumzo yakaishia hapo. Udhaifu huo ulianzaje, sikujua. Mwaka uliotangulia nilikwenda kwa bibi likizo nzima, na niliporudi nikakuta mdogo wangu amekuwa yai. Niliambiwa alizimia siku moja kwa sababu ya jua. Basi.

Kila mwezi tulikwenda duka la dawa la Bi Rudia. Jina hilo alipewa na wateja. Alikuwa mfamasia mtu mzima, mnene, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Hata siku moja hakumwuliza mtu, "Umeelewa?" Alisema kila mtu hujibu ndiyo, kwa kuwa hakuna apendaye kuonekana mjinga mbele za watu. Kwa hiyo akishakueleza dawa yako, aliikunja mikono yake juu ya kaunta na kusema, "Haya, rudia."

Nakumbuka fundi baiskeli mmoja aliyekuwa na haraka zake.

"Nimeelewa, mama. Nimeelewa sana."

"Vizuri. Rudia."

"Si kimoja kutwa mara tatu? Basi mimi namaliza vyote vitatu asubuhi, kutwa nzima inakuwa imeshahesabiwa. Nina kazi mimi!"

Watu kwenye benchi waliangua kicheko. Bi Rudia hakucheka. Alichukua kalamu na bahasha ya dawa, akachora jua linalochomoza, jua la utosini, na mwezi. "Unafungua kazi saa ngapi?" alimwuliza. "Mchana unakula wapi? Maji ya kunywa unayo hapo kwenye baiskeli zako?" Fundi akajibu moja moja, na dawa ikapangwa kufuatana na siku yake ilivyo. Kando ya Bi Rudia alisimama dada mmoja wa chuo cha famasia aliyekuja kujifunza kazi. Tulimwita Mwanachuo. Koti lake jeupe lilikuwa bado lina mikunjo ya dukani, na kila kitu alikiandika daftarini.

Zamu yetu ilipofika mama alinipa kikapu. "Kasimame nje uangalie kama mvua inakuja."

Mvua! Mbingu haina hata wingu la kusingiziwa, mimi naangalia mvua. Yai aliingizwa nyuma ya kaunta, akakalishwa juu ya stuli ndefu ambayo sikuwahi kumwona mtoto mwingine ameikalia. Mama aliinama akanong'ona. Nilimwona Bi Rudia akimpa Yai kichupa kitupu cha kuchezea. Kisha nikamsikia akiuliza, kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona, "Na dada mtu, anajua?"

"Anajua ya kumtosha," mama akajibu.

Nilikibana kikapu hadi kikalia. Ya kumtosha! Kwa hiyo palikuwa na mengine matamu, ya kwao watatu, na mimi niliwekewa mvua.

Katikati ya muhula mama alipata kazi kubwa: magauni arobaini ya sare za shule ya jirani, wiki mbili tu. Cherehani ililia tangu alfajiri. Asubuhi moja aliniita bila kuinua mguu wake, akafungua droo.

"Kuanzia leo utampa wewe. Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Usiruke hata siku moja, mwanangu, nakuamini."

Hakuniambia kwa nini. Wala hakuniambia nirudie.

Siku chache nilifanya kama nilivyoagizwa. Halafu kitambaa cha sare kikabaki. Mwenye kazi alimwambia mama akichukue, nacho kilitosha gauni moja dogo. Niliporudi kutoka dukani kununua uzi nikamkuta Yai amesimama juu ya kiti, mama anamzungushia futi kiunoni.

"Na mimi?" niliuliza.

"Lako bado zima. Tutateremsha upindo."

Gauni langu lilikuwa limeteremshwa upindo mara mbili. Mistari ya upindo wa zamani ilionekana kama ngazi. Siku iliyofuata Yai alivaa gauni jipya, akajizungusha mbele yangu hadi likafunguka kama mwavuli.

"Dada, nimependeza?"

"Umependeza," nilisema, nikauvuta chini upindo wa gauni langu.

Jioni hiyo nilifungua droo nikatoa kidonge. Nilikitazama kiganjani. Kitu kidogo hivi ndicho kinachomfanya mtu aletewe chai, ashonewe gauni, anyamazishiwe nyumba! Mimi ndiye ninayebeba ndoo, halafu nguvu anapewa anayelala. Roho iliniunguza. Nikakitia kinywani mwangu na kukisindikiza kwa maji.

"Dada, kidonge changu?" Yai aliuliza kutoka kitandani.

"Siku hizi ni kimoja tu, cha asubuhi. Mama amesema."

"Afadhali, maana ni vichungu." Akageukia ukuta. Hakuniuliza mara ya pili.

Nilijiambia kwamba sikumnyima. Tumegawana. Asubuhi chake, jioni changu.

Nguvu nilizozingoja hazikuja. Kilichokuja ni usingizi, usingizi mzito wa ajabu, na kichwa chepesi kama kimejazwa pamba. Siku ya tatu nililala darasani, mdomo wazi. Jirani yangu wa dawati, msichana tuliyemwita Redio kwa kuwa habari haikulala kwake, alisema darasa zima lisikie, "Mwalimu, jembe limeshika kutu!" Watu walicheka hadi mwalimu akagonga meza.

Siku ya tano nilipepesuka karibu na mlango wetu nikitoka bombani, na ndoo zote mbili zikamwagika. Mama alisikia kishindo, akaacha cherehani, akaja mbio na futi bado shingoni. Aliweka kiganja chake kwenye paji la uso wangu.

"Mwanangu, una nini?"

Kiganja chake kilikuwa kikavu, kina harufu ya kitambaa kipya. Sikukumbuka mara ya mwisho kukigusa hivyo. Alinilaza, akanifunika, na baada ya muda akaniletea chai kitandani, ya sukari nyingi. Alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka nikamaliza. Kumbe ndivyo inavyokuwa, nilisema moyoni. Jioni ile nilimeza tena kidonge cha mdogo wangu, na safari hii sikutafuta nguvu. Nilitafuta chai.

Siku ya tisa, wakati wa mapumziko, niliona watoto wamekusanyika karibu na bomba la shule. Halafu wote wakarudi nyuma kwa pamoja, kama waliomwona nyoka. Katikati nikaona viatu vya mdogo wangu.

Alikuwa chini. Mwili wake ulikuwa umekakamaa, kisha ukaanza kutikisika, mikono na miguu, na macho yake yamegeuka juu. Nilijipenyeza hadi mbele.

"Msimguse! Inaambukiza hiyo!" Redio alipiga kelele.

Mvulana mmoja alikuja na kijiko. Mwalimu wetu wa darasa alimdaka mkono. "Kijiko cha nini? Hakuna kumtia kitu mdomoni! Wala msimkandamize. Ondoeni hilo jiwe. Nani ana sweta?" Aliikunja sweta akaiweka chini ya kichwa cha Yai, akatazama saa yake, akangoja. Mtikisiko ulipotulia alimgeuza ubavu taratibu, mate yakatoka yenyewe.

Kisha akaniinulia macho. "Huyu ni mdogo wako. Ana kifafa? Anatumia dawa gani?"

"Hana kifafa, mwalimu. Anatumia vitamini tu."

"Vitamini," alisema polepole.

Nilivikumbuka vidonge vya jioni nilivyovimeza mimi.

Mama aliitwa. Alikuja na chupa ya vidonge mkononi, uzi umemganda kwenye nywele. Hospitalini, daktari alimpima Yai, akamwuliza mama kama mtoto amekosa dawa. Mama aliapa kwamba hajakosa hata siku moja. Daktari akaandika cheti kipya: dozi iongezwe. Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja kwa Bi Rudia, na safari hii mama alisahau kunituma kuangalia mvua.

Yai alilala kwenye benchi, kichwa mapajani mwa mama. Bi Rudia alisoma cheti, akavaa miwani, akakisoma tena.

"Fundi, hajakosa kidonge?"

"Hata kimoja, mama. Chupa hiyo hapo, hesabuni wenyewe."

Mwanachuo alimwaga vidonge kwenye sinia ya kuhesabia, akavisogeza vitano vitano kwa kisu bapa. "Alichukua sitini. Siku kumi na tisa zimepita, na leo asubuhi. Thelathini na tisa vimekwenda, ishirini na kimoja vimebaki. Hesabu imetimia." Aligeukia rafu kutafuta vidonge vyenye nguvu zaidi. "Basi dawa imezidiwa. Tuongeze kama daktari alivyoandika."

"Huenda," Bi Rudia alisema. "Mtoto amekaa mwaka mzima hajaanguka, leo anaanguka na hesabu imetimia. Umehesabu vidonge, mwanangu. Sasa hesabu watu."

"Watu?"

"Nyumbani wako wangapi. Nani anatunza chupa. Nani anampa. Nani anajua ni dawa ya nini, nani hajui. Hayo hayamo kwenye cheti."

Aligeuza chupa akasoma kile kipande cha karatasi. Kisha alinitazama mimi, nilivyoegemea rafu, macho yakifumbika yenyewe.

"Wewe, njoo ukae hapa."

Ilikuwa ile stuli. Nilikuwa nimeitamani miezi yote hiyo. Ilikuwa ngumu, na miguu yangu ilining'inia.

"Mama yako anasema siku hizi wewe ndiye mganga wa nyumba." Mama hakuwa amesema, lakini aliitikia kwa kichwa. "Unampaje mdogo wako dawa? Rudia."

"Asubuhi kimoja."

"Na jioni?"

Kusema "na jioni kimoja" kulikuwa rahisi sana. Sinia ilikuwa upande wangu, hesabu ilikuwa imetimia, mama ameshaapa. Hakuna ambaye angejua. Lakini Mwanachuo alikuwa ameshashusha kopo jingine, anafungua kifuniko, na mdogo wangu amelala pale mdomo umechanika kwa kuanguka, hajui kwamba anakwenda kupewa dawa kali zaidi kwa sababu ya uongo wangu. Bi Rudia alikuwa amekunja mikono juu ya kaunta. Hakunihimiza.

"Cha jioni nakimeza mimi," nilisema.

Mwanachuo aliuacha mkono wake juu ya kifuniko.

"Unasema?" Mama alisimama hadi Yai akaamka. "Umemfanya nini mwenzio? Nimekuamini nikakupa..." Mkono wake ulikuwa umeinuka juu.

"Ushushe mkono huo kwanza, Fundi," Bi Rudia alisema. "Huyu hajameza dawa ya kifafa. Amemeza vitamini. Si ndivyo ulivyoandika?"

Mama aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaketi. Akajifunika uso kwa futi iliyokuwa shingoni mwake, akalia bila sauti.

"Kaka yangu alikuwa nacho," alisema baadaye. "Mimi nilikuwa mdogo. Alikuwa na sahani yake peke yake na kikombe chake peke yake. Sisi tukila ndani, yeye anakula mlangoni. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Walimsogeza tu, kidogo kidogo, mpaka akawa kama hayupo. Niliapa wangu hatakula mlangoni. Nikasema nisipolitaja jina la ugonjwa, hakuna atakayelijua. Na huyu dada yake ni mtoto, mdomo hauna kufuli."

Bi Rudia alizunguka kaunta akaketi naye kwenye benchi. "Waliomtengea kaka yako sahani ndio waliokufundisha kuogopa," alisema. "Sikulaumu. Lakini ona. Ulimficha kwa majirani, ukajikuta umemficha hata kwa anayempa dawa."

Kisha alinigeukia. Uso wake ulikuwa mkali.

"Nisikilize vizuri. Dawa ya mtu mwingine humezi. Hata ikiwa na jina zuri, hata ikiwa tamu. Usingizi wako wote huu umetoka kwenye chupa hii. Ungeweza kuanguka ukiwa na maji ya moto, au ukiwa unavuka barabara. Na mdogo wako ubongo wake unahitaji dawa hii asubuhi na jioni, bila kuruka, ili usipige cheche ovyo. Hicho ndicho kifafa. Hakiambukizi kwa mate, wala kwa kikombe, wala kwa kushikana mikono. Rudia."

Nilirudia. Alingoja mpaka nikamaliza.

Alimpigia daktari simu, akamweleza. Daktari akasema dozi ibaki ile ya zamani, na mimi pia nipelekwe nikapimwe. Mwanachuo alirudisha kopo kwenye rafu.

"Sasa swali la mwisho," Bi Rudia aliniambia. "Nguvu unazo, ndoo mbili kwa mpigo. Ulitaka nini hasa?"

Nilitazama sakafu. "Nilitaka mama anikalie kitandani."

Hakuna aliyecheka. Yai alikuwa ameketi, ananitazama kwa macho yaliyovimba.

Bi Rudia alichukua bahasha ya dawa, mpya, haina kitu ndani. Alichora mwezi. Chini yake akaandika, na alipomaliza akampa mama. Iliandikwa: *Jembe. Nusu saa na mama, kutwa mara moja, baada ya chakula cha jioni.*

"Haya, Fundi," alisema. "Rudia."

"Nusu saa," mama alianza. "Nusu saa na mama. Kutwa..." Alinivuta kutoka kwenye stuli, akanikumbatia kwa nguvu hadi pini moja ya blauzi yake ikanichoma. Sikusogea.

Jioni hiyo nilimwomba mdogo wangu msamaha. Nilidhani atalia. Alinikunjia uso.

"Ungeniambia tu unavitaka. Mimi sivipendi." Akafikiri kidogo. "Halafu mimi ndiye nilikuwa nakuonea wivu wewe."

"Mimi? Wivu wa nini, wa ndoo?"

"Ndiyo, wa ndoo! Wewe unatoka, unapiga soga bombani, unajua habari zote. Mimi hata kamba sijawahi kuruka. Kila siku kitandani, kitandani. Kitanda kinachosha!"

Tulicheka mpaka mama akauliza kuna nini. Daktari alikuwa ameshasema Yai anaweza kucheza kama wengine, mradi awepo mtu anayejua la kufanya. Kesho yake alikuja nami bombani na kidumu chake kidogo. Aliitangazia foleni nzima kwamba maji yake ameyateka mwenyewe, kisha nusu yake akaimwaga njiani.

Shuleni mwalimu alitufundisha kuhusu kifafa kipindi kizima. Redio alisikiliza kwa makini, na kwa kuwa hakuweza kukaa na habari, kufikia mchana shule yote ilikuwa inajua kwamba hakiambukizi na kwamba kijiko hakitakiwi. Yeye mwenyewe alimwazima Yai kikombe chake mbele ya watu, akakinywea baada yake, akatutazama kama shujaa. Mteja mmoja wa mama hakurudi tena. Wengine walibaki.

Mwezi uliofuata tulikwenda duka la dawa wote wanne, hata baba. Chupa ilikuwa na karatasi yake halisi.

"Nani anatunza chupa?" Bi Rudia aliuliza.

"Mimi," mama alisema.

"Nani anampa?"

"Mama asubuhi. Jioni baba akiwepo, asipokuwepo mama tena," nilijibu. "Na mwenyewe anaweka alama kwenye kalenda."

"Nani anajua?"

"Sote. Na mwalimu."

"Na ile dawa nyingine, ya Jembe?"

Mama alijikuna shingo. "Tumeruka siku mbili, mama. Kazi zilibana."

"Mwone!" Bi Rudia alisema. "Dawa hairukwi. Leo mpe saa nzima na nusu."

Baba alicheka hadi akakohoa. Bi Rudia alimgeukia Mwanachuo, lakini alisema kwa sauti ya kutosha ili sisi watoto tusikie.

"Mgonjwa akija hapa, nyuma yake kuna nyumba. Kuna anayempa dawa, kuna anayeona haya, kuna anayechoka, kuna anayeona wivu. Ukimwuliza yeye peke yake, utapata nusu ya ugonjwa. Nanyi watoto, ukiona mwenzio anapendelewa na roho inakuuma, usichukue kilicho chake. Mwambie mkubwa kwamba inakuuma. Kuumwa huko nako kunasemwa kwa jina lake. Haya, rudieni."

Tukarudia, mimi na mdogo wangu, kwa pamoja, na Mwanachuo naye akaandika daftarini.

Siku hizi mahali pale panauzwa viatu. Bi Rudia tulimzika mwaka ambao mdogo wangu alimaliza shule, na watu waliojaa kwenye mazishi yake walikuwa wengi kuliko nilivyodhani mtu mmoja anaweza kuwauliza maswali. Ile bahasha ya mwezi ninayo bado. Mama naye, nikienda kumwona, baada ya chakula cha jioni huniwekea kiti karibu na cherehani, na hasemi kwa nini.